Kidonge cha Saa Nane

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na jiwe moja ni fupi kuliko mwenzake, kwa hiyo anayekaa mwisho wa chini hujikuta anateremka taratibu kama mzigo ambao haukufungwa vizuri. Liko nje ya mlango wangu, kwenye kona ambapo njia ya kituo cha afya inakutana na njia ya maghala. Mwenye birika ni mimi. Nimemimina kahawa hapa tangu mume wangu yu hai, na yeye ndiye aliyeulaza ubao ule akaniambia, "Mke wangu, mtu akinywa kahawa amesimama, atakunywa kikombe kimoja. Akikaa atakunywa vitatu na siri zake atakuachia." Mungu amrehemu, hakuniambia kwamba watakuwa wananiachia na ujinga wao niufagie jioni.

Wenyeji wa benchi ni wanne. Yupo Stempu, mzee aliyepeleka barua kwa miguu miaka thelathini mpaka watu wakaacha kuandikiana. Siku hizi anapeleka methali, na nyingi zinafika nyumba isiyo yake. Yupo Bomba, fundi wa mabomba, ambaye hata akiona mtu analia husema kuna mahali pamelegea. Yupo Nusu Daktari, aliyepiga deki wodini miaka kumi na mmoja na kutoka huko na makoti mawili meupe na maneno mengi. Na yupo Pindo, fundi cherehani, mume wa dada yake Bomba. Wiki ile kidole cha Pindo ndicho kilichokuwa mwenyekiti.

Sindano ya cherehani ilimpitia kidole gumba cha mkono wa kulia. Iliingilia kwenye ukucha, ikatokea upande wa pili, ikakatikia humo. Akaing'oa kwa koleo, akafunga kipande cha bitana, akaendelea kushona kwa sababu kanzu ya mtu ilikuwa imebaki kola. Kufika Jumatatu kidole kilikuwa kimeiva kama bilinganya. Kule kituo cha afya walimwosha, wakampa bahasha ndogo ya vidonge, wakamwambia: rudi Jumamosi asubuhi, na tukikuta usaha umeshuka mfupani, tutakata ncha.

Fundi cherehani asiye na gumba la kulia ni mkasi uliong'oka msumari wa katikati. Pande zote mbili zipo, ila hakuna kinachokatika. Na nyumbani kwa Pindo kuna mke, watoto wanne na mama mkwe, na mashine ni moja.

Siku ile ya Jumatatu, Nusu Daktari ndiye aliyetusomea bahasha. Aliinyoosha mbali na macho, akasafisha koo, akasema: "Kimoja. Kila saa nane. Siku tano." Ilikuwa saa tano. Pindo alikuwa anatoka jasho la maumivu, lakini alikaa pale na kidonge mkononi akingoja saa nane ifike, na sote tukamsifu kwa uvumilivu. Tangu siku hiyo ikawa kawaida: kila saa nane ya mchana watu wanakusanyika, Pindo anameza, sisi tunashuhudia.

Basi ikafika Alhamisi. Jua lilikuwa limepita utosini. Stempu alikuwa ameinua mkono wenye ile saa aliyopewa siku ya kustaafu.

— Bado dakika mbili, akasema Stempu.

— Mzee, kinaniuma sasa hivi, akasema Pindo. Dakika mbili zitanipunguzia nini?

— Bahasha imesema saa nane, haikusema saa nane kasoro. Haraka haraka haina baraka, na mchelea mwana hulia mwenyewe.

— Mwana gani tena, mzee? Mwanangu yuko shule.

— Ndiyo maana nakwambia ungoje.

Dakika mbili zikapita. Nikampa Pindo maji, akakitia kidonge mdomoni, na sote tukatazama koo lake kama watu wanaotazama nyoka akimeza panya.

— Kimepita kona ya kwanza, akasema Bomba.

Pindo hakucheka. Alifungua kitambaa polepole, akakiweka kidole juu ya goti lake, na nikakiona. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Weusi ulikuwa umeshuka umepita fundo la kwanza.

— Leo siku ya nne, akasema. Kesho Ijumaa, keshokutwa kisu. Nyie wenzangu, niambieni ukweli. Mdomo uko huku, kidole kiko huku. Nimemeza vidonge vinne. Vinakwenda wapi?

— Hakitulii hata kidogo? nikamuuliza.

— Kinatulia, Bibi, ndiyo ajabu yake. Nikimeza saa hii, jioni napata nafuu, nakula, nalala. Ikifika alfajiri kinanigonga kama nyundo ya fundi bati. Kesho yake kimezidi.

Laiti tungelishika neno hilo pale pale. Lakini Stempu alikwisha fungua mdomo, na Stempu akifungua mdomo ni kama lango la ng'ombe, huwezi kulifunga mpaka wapite wote.

— Tatizo ni anwani, akasema. Kidonge ni barua. Tumbo ni posta kuu. Barua zote zinafikia pale, zinapangwa: za kichwa huku, za magoti huku, za mgongo kule. Sasa nikuulize, kwenye bahasha yako wameandika jina la nani?

— Langu.

— Unaona. Jina lako, si la kidole. Mpanga barua anasoma jina lako, anatazama huku na huku, anaona wewe mzima mzima ndiye mwenyewe. Atakupeleka wapi? Barua isiyo na anwani kamili inakaa posta siku tatu, kisha inachomwa. Usiku husikii moto kifuani?

Pindo akafikiri.

— Kiungulia ninacho, akakiri.

— Ndizo zinachomwa hizo.

Bomba akagonga goti. Nusu Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari mkuu akisikiliza wanafunzi.

— Mzee, wewe ni wa barua, akasema. Mimi nimekaa wodini. Kidonge hiki kina rangi ngapi?

— Mbili. Nyekundu na njano.

— Kwa nini mbili? Kiwanda hakina rangi za kuchezea. Nyekundu ni ya kwenda, njano ni ya kurudi. Nyekundu inafuata damu, kwa sababu damu ni nyekundu, zinajuana. Ikimaliza kazi, njano inaishika mkono inaitoa nje. Nimeona kwa macho yangu haya: mgonjwa anameza rangi mbili, na mkojo unatoka njano. Nyekundu imebaki kazini.

— Hata mimi mkojo wangu njano, akasema Bomba, na sijameza kitu.

— Ulimeza zamani.

— Zamani lini?

— Utotoni. Muulize mama yako.

Kisha Nusu Daktari akamgeukia Pindo, sauti ikashuka, ikawa ile ya mtu anayefungua pazia la wodi.

— Sasa nijibu swali langu moja tu. Ulipomeza, ulitanguliza upande gani?

Pindo akamtazama.

— Sijui. Nilikitia tu mdomoni.

— Siku zote nne?

— Siku zote nne.

— Basi ndiyo hapo. Umetanguliza njano. Kidonge kinaanza kurudi kabla hakijakwenda.

Wallahi, Pindo alishika kichwa. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, anahesabu dhambi zake za kumeza. Nikaona nisikae kimya.

— Wanangu, nikasema, chumvi ukiitia chunguni haiulizi nyama iko wapi. Inaenea mchuzi mzima, na nyama inakolea ilipo.

— Bibi, akasema Nusu Daktari kwa adabu kabisa, hili ni jambo la mwili. Si chungu.

Mama yangu alikuwa akituambia sisi wasichana wake: mwanamume akikwambia hili huliwezi, ondoa karibu naye vyombo vinavyovunjika. Nikakusanya vikombe vitatu nikaviweka upande wangu.

Na vizuri nilivikusanya, maana Bomba alisimama.

— Nyie wote mmekwenda mbali, akasema. Shemeji, mwili ni mabomba. Moyo ni pampu. Gumba lako ni nyumba ya mwisho kwenye laini. Mimi kila siku naitwa kwenye nyumba za mwisho. Mama wa watu anafungua bomba, linakohoa, linatoa upepo. Kwa nini? Kwa sababu walio karibu na pampu wamefungua yao. Kwako wewe ini linachota, figo linachota, matumbo yanachota. Ini peke yake ni kama nyumba ya dobi. Mpaka maji yafike kwenye gumba, limebaki tone.

— Sasa tufanyeje? akauliza Pindo, na sauti yake ilikuwa ya kweli, haikuwa na mchezo ndani yake.

— Tunafunga wanaochota bure. Miguu yote miwili, unaihitaji saa hii? Huihitaji, umekaa. Mkono wa kushoto una ugonjwa? Hauna. Tunafunga hao, dawa yote inakwenda kulia. Lastiki unayo?

Fundi cherehani akose lastiki? Ilitoka mfukoni mita nzima, ile ya kiunoni ya sketi za shule. Bomba akamfunga paja la kulia, akamfunga la kushoto, akaupinda mkono wa kushoto nyuma kama kuku wa sokoni. Kisha wakamsogeza mwisho wa chini wa benchi, wakamkalisha ubavu, mkono wa kulia ukining'inia upande wa mteremko ili dawa iteremke. Stempu akatoa kalamu.

— Na mimi niandike anwani kwenye vilivyobaki, akasema. Gumba, Mkono wa Kulia. Umoja ni nguvu, utengano ni mbio za sakafuni.

— Vimebaki vingapi? nikauliza, kwa sababu bahasha iliyokuwa juu ya benchi niliiona imetuna.

— Kumi na kimoja, Bibi. Walinipa kumi na vitano.

— Vingi hivyo vya nini, na siku imebaki moja?

— Vya ziada, akajibu Nusu Daktari upesi. Muuza nyanya akikupimia fungu anakuongezea moja. Hospitali wanakuongezea kumi. Wanajua vingine vitapotea njiani.

— Hata posta tulikuwa tunahesabu za kupotea, akasema Stempu.

Hapo ndipo alipokuja yule mlinzi mpya wa ghala la mbele. Alikuwa na wiki moja tu pale. Mtu mrefu, viatu vimepigwa rangi mpaka vinakuonyesha uso, filimbi shingoni. Alikaa pembeni mwa benchi, lakini hakukaa kama watu wanavyokaa. Alikaa upandeupande, uso kwenye lango la ghala.

— Karibu, karibu, akasema Stempu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wenyeji hapa tuko wanne, vikombe vyetu unaviona vilivyo vikavu.

— Asante, mzee. Bibi, naomba kikombe kimoja.

Stempu akakunja uso. Mlinzi akapokea kahawa yake, akapuliza, ndipo macho yake yakamfikia Pindo, kafungwa miguu, mkono nyuma, anateremka.

— Huyu kafanya nini?

— Anatibiwa, akasema Bomba.

Mlinzi akanywa kidogo. Akaonekana anaona heri aulize jambo jingine, lakini Bomba alimtangulia.

— Kaka, wewe zamu yako bado? Mbona macho yako langoni?

— Imeisha. Nimeingia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane natoka.

— Saa nane imeshapita. Si uende nyumbani ukapumzike?

— Mwenzangu hajafika. Mimi nikiondoka na yeye hajaja, pale hapana mtu. Mwizi hana haja ya kuvunja, anasukuma tu.

— Kila siku hivyo?

— Ndiyo kazi. Tuko watatu. Saa nane mimi, saa nane yule, saa nane yule mwingine. Siku imekwisha.

Nilikuwa namimina. Sijui kwa nini mkono wangu ulisimama. Nikasikia sauti ya mume wangu kama alivyokuwa akiniita nikiacha maziwa jikoni: we mama, kuna kitu kinamwagika.

— Mwanangu, nikamwambia mlinzi, soma hiyo bahasha hapo karibu na goti lako. Sisi tumesomewa mara moja tu.

Akaiokota. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

— Kimoja, kila saa nane, siku tano.

— Vilevile nilivyosoma, akasema Nusu Daktari.

— Na wewe, kaka, akamwuliza Pindo, unakunywa vipi?

— Hivyo hivyo. Kila siku saa nane. Mzee huyu ana saa, haikosei.

— Saa nane hii ya mchana?

— Sasa saa nane ya usiku nani ataamka? akasema Stempu.

Mlinzi akatazama lango, akatazama bahasha. Hakuwa mtu wa kujifanya anajua. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuta mlango wazi na hana hakika kama ni wake kuufunga.

— Mimi si daktari, akasema. Nauliza tu. Hiki kidonge kikimaliza saa nane zake, zile saa kumi na sita nyingine nani analinda?

Basi nikwambieni, benchi lile limesikia maswali. Limesikia mtu akiulizwa mtoto ni wa nani. Lakini swali la namna ile halijapata kulisikia. Niliisikia saa ya Stempu ikitembea mkononi mwake. Bomba alifungua mdomo, ukatoa upepo kama bomba la nyumba ya mwisho. Nusu Daktari akaichukua bahasha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena, kama kwamba maandishi yatamhurumia.

Pindo alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono wake wa kulia, akiliruka gumba.

— Saa nane, akasema polepole. Saa tisa. Saa kumi. Jioni nakula. Saa nne usiku nimelala. Alfajiri.

Akaacha kuhesabu.

— Alfajiri hakuna mtu langoni, akasema.

— Kumi na vitano, nikasema mimi. Vitatu kwa siku, siku tano. Wala si nyanya za ziada.

Hapo Bomba akaruka.

— Basi rahisi. Shemeji, meza vyote kumi na kimoja sasa hivi, tuzibe pengo. Bibi, lete maji.

Na Pindo, kwa hofu aliyokuwa nayo, aliupeleka mkono. Niliinyakua bahasha ile mimi, nikaitia kifuani, mahali ambapo mwanamume wa benchi lile asingethubutu kuifuata. Nilikuwa na shangazi yangu mimi, mwanamke wa haraka, alimeza dawa ya minyoo ya watoto wanne kwa mkupuo mmoja ili awahi shambani. Minyoo ilitoka, na yeye nusura atoke nayo.

— Hapana, akasema mlinzi pia. Siku moja tuliletwa walinzi kumi na mmoja kwenye lango moja. Hatukulinda kitu. Tuligombana mpaka jioni, na chai ya mwenye ghala tukaimaliza. Nenda kamuulize aliyekupa.

— Utakwenda sasa hivi, nikamwambia Pindo. Na wewe Nusu Daktari utakwenda naye. Uliyesoma ukasikie.

Nusu Daktari hakuinuka. Alikuwa anatazama viganja vyake.

— Bibi, akasema chini chini, mimi sikuwahi kusema najua. Niliulizwa tu. Miaka kumi na mmoja pale ndani nikishika fagio, hakuna aliyeniuliza hata saa. Hapa mnaniuliza.

Nilimhurumia, siwezi kuficha.

— Basi kaulize wewe leo, nikamwambia, uone kama kunaua.

Nikamkabidhi Nusu Daktari bahasha, wakaondoka. Mkono tulishaufungua na mguu mmoja pia, lakini lastiki ya mguu wa pili ilimfuata Pindo barabarani kama mkia. Mlinzi alibaki na kikombe chake. Baada ya muda nikaona mtu anakuja mbio njia ya maghala, shati nje, anafunga mkanda huku anakimbia.

— Mwenzangu kafika, akasema mlinzi. Akalipa, akashukuru, akaenda zake.

Ilikaribia saa kumi waliporudi. Binti wa dirisha la dawa, aliyempa Pindo ile bahasha, alikuwa amewasikiliza mpaka mwisho bila kucheka; Pindo alisema alicheka walipogeuka, waliona mabega yake kwenye kioo. Binti alimkumbusha Pindo kuwa Jumatatu alimweleza kwa mdomo, kila baada ya saa nane, usiku na mchana, na Pindo akakubali kuwa Jumatatu masikio yake yote yalikuwa kwenye kidole. Binti akageuza bahasha, akamchorea. Jua linachomoza: saa kumi na mbili. Jua limepita utosini: saa nane. Mwezi: saa nne usiku. Asimeze viwili kwa pamoja kufidia. Asiache njiani hata akipata nafuu. Jumamosi aje vilevile, na kidole kikizidi kuvimba au homa ikimpanda, asingoje Jumamosi.

— Saa nane yenu haikuwa ya uongo, nikasema. Ilikuwa mtoto mmoja wa watatu. Mmewalisha mmoja, wawili mmewaacha njaa.

— Na nilimuuliza lile langu, akasema Pindo. Kidonge kinakijuaje kidole.

— Akasemaje? akauliza Stempu. Anwani?

Pindo akamtazama Nusu Daktari. Nusu Daktari akatazama ndani ya kikombe kitupu.

— Amesema hakikijui wala hakikitafuti. Kinayeyuka tumboni, kinaingia kwenye damu, kinaenea mwili mzima, na kidole nacho kimo humo humo, kinapata fungu lake. Kisha ini na figo zinakipunguza kidogo kidogo mpaka kinakwisha. Ndiyo maana kingine lazima kije.

Nilichukua kijiko changu nikaanza kukoroga kahawa, ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nilikoroga tu.

— Bibi, akasema Nusu Daktari, ile ya chumvi, ilikuwaje vile?

— Hili ni jambo la mwili, nikamjibu. Si chungu.

Tukagawana zamu. Saa kumi na mbili asubuhi ni yangu, kwa kuwa saa hiyo nimeshawasha makaa. Saa nane ni ya benchi. Saa nne ya usiku tukampa mkewe Pindo, na Bomba akasema dada yake akimwita mtu usiku, mtu huyo hahitaji saa, anahitaji kofia ya chuma.

Ijumaa asubuhi Pindo alikuja na macho mekundu. Nikamuuliza kidole. Akasema alfajiri kiligonga, ila kiligonga kama mgeni, si kama mwenye nyumba. Akameza mbele yangu, akaenda kushona kwa mkono wa kushoto, akaharibu suruali ya watu.

Jumamosi benchi lilijaa tangu saa moja. Hakuna aliyezungumza juu ya mabomba. Stempu alianza methali mbili akaziacha njiani. Mimi nilimimina kahawa nikamwagia sahani. Njia ya kituo cha afya ilikuwa tupu, ikawa tupu, ikawa tupu, mpaka karibu na saa sita tukaona kitu cheupe kinakuja kimesimama juu kama mshumaa. Lilikuwa gumba la Pindo ndani ya bandeji, na Pindo chini yake.

— Wamepasua, akasema. Usaha umetoka kijiko kizima. Ukucha wameutupa. Mfupa wamesema haujaguswa.

— Na ncha?

— Ncha ninayo.

Bomba aligeuka akaangalia ukutani kwa muda. Alipogeuka tena alisema vumbi la kona hii limezidi, na hakuna aliyembishia.

Saa nane ilipofika alikuwepo na yule mlinzi, zamu imeisha, amekaa upandeupande anangoja mwenzake. Nilikuwa nimempa kikombe cha bure, na Stempu alikitazama kikombe hicho kwa uchungu.

— Si nilisema? akasema Stempu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Miaka yote namsikia mzee huyu akirusha methali kama mtu anayerusha mawe kwenye mwembe usio wake. Hii moja iliangusha embe, na nadhani yeye mwenyewe hakuona.

Pindo alishika kidonge kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nikainamisha birika kumwongezea Nusu Daktari. Likatoa tone moja, likakohoa. Kahawa imeisha. Nusu Daktari hakujali. Alikuwa anakitazama kile kidonge, nyekundu huku, njano huku, na kitu kilikuwa kinamwasha.

— Samahani, akasema, akimgeukia mlinzi kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona. Nauliza tu. Upande upi kwanza?

Mlinzi akatazama kidonge. Akatazama lango, mwenzake alikuwa anaingia.

— Upande wa mdomo, akasema, akainuka akaenda zake.